Nairobi na Mlima Kenya kwa safari moja: jipangie mwenyewe, hatua kwa hatua

Watu wengi wakipanga safari ya Nairobi na mlimani huanza na Nairobi. Huhesabu siku za kutembea mjini, jamaa wa kuamkiwa, maduka ya kuzungukia, na zile siku mbili tatu zinazosalia ndizo wanazoutupia mlima. Mlima hauli makombo. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimezaliwa na kulelewa usawa wa bahari, na mara yangu ya kwanza nilipanda basi la usiku Ijumaa, nikashuka Nairobi alfajiri, nikaunganisha matatu ya Nanyuki, na magharibi hiyohiyo nilikuwa mita 3,300 juu, nimejikunyata nje ya kibanda, kichwa kinatwanga kama kinu na chakula chote nimekirudisha. Asubuhi kiongozi alinitazama usoni mara moja tu, akaanza kufunga mabegi. Nilikuwa nimelipia siku nne.

Tangu siku hiyo napanga kinyumenyume. Kwanza naiweka siku ya kusimama juu, halafu nahesabu kurudi chini mpaka mlangoni kwangu. Nairobi, iliyoko karibu mita 1,700 juu ya bahari, naihesabu kuwa kambi ya kwanza ya mlima: ndipo mwili unapoanza kuizoea hewa nyepesi huku macho yanastarehe na mkono unanunua vifaa. Ukilishika hilo, mengine yote humu yanajipanga yenyewe.

1. Amua unataka kufika wapi

Mlima Kenya una vilele vitatu utakavyosikia vikitajwa kila siku: Batian (mita 5,199), Nelion (mita 5,188) na Lenana (mita 4,985). Majina hayo yametoka kwa malaiboni, yaani viongozi wa kiroho, wa Kimaasai: Mbatian, Nelieng na Olonana. Batian na Nelion ni miamba mitupu, hupandwa kwa kamba na wenye ujuzi wao. Mwingereza Mackinder pamoja na viongozi wake Ollier na Brocherel ndio waliofika Batian kwanza, mwaka 1899, mwaka uleule reli ilipofika kwenye kinamasi kilichokuja kuwa Nairobi. Lenana hupandwa kwa miguu. Hapo ndipo mpanda milima Kisoi Munyao aliposimika bendera ya Kenya wakati wa uhuru, Desemba 1963, na hapo ndipo mwongozo huu unapokupeleka.

Njia kuu ni tatu. Sirimon huanzia upande wa Nanyuki, kaskazini magharibi, na ndiyo kavu zaidi na mteremko wake ni wa taratibu. Naro Moru ni fupi, inapanda kwa kasi, na katikati ina bwawa la matope lililoinama kama paa la nyumba. Wanaoharakisha huipenda, nami siipendekezi kwa mgeni wa milima. Chogoria, upande wa mashariki, ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho, yenye maziwa madogo na bonde refu la Gorges, ila upande huo hupata mvua nyingi na kulifikia lango lake wakati wa matope kunahitaji gari lenye nguvu. Kwa safari ya kwanza, panda kwa Sirimon. Ukiwa na fedha na magoti mazima, shuka kwa Chogoria.

Kama kusikia mita 4,985 kumekutia ubaridi tayari, usione haya. Longonot, volkano iliyolala juu ya Bonde la Ufa, ina mita 2,776. Unatoka Nairobi asubuhi, unapanda mpaka mdomo wa kreta, unauzunguka (kama kilomita 7 za vumbi, bila kivuli), na usiku unalala mjini. Safu ya Nyandarua, ambayo ramani nyingi huiita Aberdare, ina kilele cha Lesatima kinachokaribia mita 4,000, ukungu, nyasi ndefu, na maporomoko ya Karuru yanayoanguka ngazi tatu kwa jumla ya mita 273. Huko kuna nyati na tembo, kwa hiyo unatembea na askari wa hifadhi. Hatua nyingi zilizo hapa chini zinafaa hata kwa safari hizo, ukipunguza siku.

2. Chagua mwezi

Januari na Februari, kaskazi inapovuma, ndiyo miezi bora: mbingu safi, ardhi kavu, usiku wa baridi kali. Nafasi ya pili ni Julai mpaka Septemba. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi mapema Desemba, ziache zipite.

Julai na Agosti zina jambo la kuchanganya. Nairobi wakati huo ni kipupwe hasa: wingu la kijivu tangu asubuhi mpaka jioni, manyunyu, watu wamevaa makoti mazito kwenye matatu. Mgeni hutazama juu akadhani mlima nao umefunikwa. Mara nyingi wingu hilo liko chini, na ukishapita mita 3,000 na kitu unalitazama kwa juu kama bahari ya pamba. Usiahirishe safari kwa sababu ya hali ya hewa ya Nairobi.

Likizo za shule na wikendi zinazopakana na sikukuu kama Mashujaa (Oktoba 20) na Jamhuri (Desemba 12) hujaza vibanda vya mlimani na kupandisha nauli za matatu. Ukiweza, ingia mlimani Jumatatu au Jumanne.

3. Hesabu siku, ukianzia juu

Chukua kalenda na penseli. Weka alama kwenye siku ya Lenana. Usiku wa kuamkia siku hiyo unalala kibanda cha Shipton's, mita 4,200. Kabla yake unalala kibanda cha Old Moses, mita 3,300. Tazama pengo hilo: mita 900 kwa siku moja, wakati ushauri wa kawaida wa madaktari wa milimani ni kutopandisha mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kila siku ukishavuka mita 3,000. Ratiba nyingi zinazouzwa mjini hulala Old Moses usiku mmoja tu, kwa sababu siku ya ziada ni gharama ya ziada. Wewe lala mbili. Siku ile ya katikati panda mpaka kama mita 3,700, kaa nusu saa, rudi ulale palepale. Panda juu, lala chini: watu wa mlimani hulirudia hilo kama dua.

Kabla ya Old Moses, usiku mmoja Nanyuki (karibu mita 1,950). Kabla ya Nanyuki, siku tatu za Nairobi. Baada ya Lenana, siku moja na nusu ya kushuka, usiku mmoja wa kulala kitandani, na siku moja tupu ya akiba kabla ya gari, treni au ndege ya kurudi nyumbani. Jumla ni siku kumi na moja. Mwenye likizo ya siku tisa akate ile siku ya ziada ya kushukia Chogoria na moja ya mjini. Siku ya pili ya Old Moses isiguswe.

4. Kiongozi na malipo

Kujipangia mwenyewe si kupanda peke yako. Shirika la Wanyamapori, KWS, haliruhusu mtu mmoja kuingia njia za kilele bila mwenzi, na hata mkiwa wawili nawashauri mchukue kiongozi. Njia inaonekana wazi mpaka ukungu uingie saa nane mchana.

Viongozi na wapagazi wamo kwenye vyama vyao Nanyuki, Naro Moru na Chogoria. Unaweza kuagana nao moja kwa moja bila ofisi ya mjini katikati, na ndivyo fedha inavyofika kwa anayebeba mzigo. Mwambie kiongozi akutumie picha ya kitambulisho chake cha kazi, na mtakapokutana ulinganishe na sura. Kisha mwandikiane, hata kwa WhatsApp, kila kitu kimoja kimoja: ada ya kiongozi kwa siku, mpagazi, mpishi kama yupo, chakula cha nani kinanunuliwa na nani, gari la kutoka Nanyuki mpaka lango la Sirimon, na nini kitatokea ukiugua siku ya pili. Niliwahi kuagana kwa mdomo na mtu mmoja, ada ikapanda mara mbili kati ya hotelini na getini, na getini huna pa kwenda.

Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Lango halipokei noti. Viwango vinatofautiana kwa raia wa Kenya na Afrika Mashariki, wageni wakazi, na wageni wa nje, na vimekuwa vikibadilishwa, kwa hiyo soma ukurasa wenyewe wiki ile unayolipa. Beba kitambulisho au pasipoti uliyotumia kulipia, kwani ndiyo inayokupa kiwango chako. Vibanda vya Old Moses na Shipton's ni hesabu nyingine: vinaendeshwa na watu wa hoteli, na kitanda hulipiwa mbali na kiingilio. Wengi hulisahau hilo wakaishia kulala kwenye hema la kuazima.

Katika bajeti yote, kiingilio na watu wa mlimani ndivyo vitakavyokula fungu kubwa. Matatu, chakula na kitanda cha Nairobi unaweza kuvibana. Hivyo viwili usivibane. Ongeza bima ya uokoaji kwa ndege: AMREF Flying Doctors, walioanza kazi mwaka 1957 na wanaoruka kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, huuza ya muda mfupi.

5. Kufika Nairobi

Kutoka Mombasa, treni ya SGR hukufikisha Syokimau kwa saa tano hadi sita. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Kumbuka kuwa Syokimau si mjini. Kuna treni ndogo ya kuunganisha mpaka stesheni ya zamani katikati ya jiji. Nunua tiketi mapema, zinakwisha.

Kutoka Arusha, barabara ya Namanga ni kama kilomita 270 na mpaka wenyewe ni wa kituo kimoja, unagongewa mihuri ya nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda hahitaji kuomba kibali cha eTA ambacho Kenya ilikianzisha Januari 2024. Kadi ya homa ya manjano iwe mfukoni. Ukifika, sajili laini ya simu kwa pasipoti na ufungue M-Pesa siku hiyohiyo: kuanzia muuza mahindi mpaka mwenye nyumba ya wageni Nanyuki, wote wanalipwa hivyo.

6. Nairobi: siku tatu zenye kazi

Siku ya kwanza usifanye kitu. Lala, kunywa maji, kula. Mtu wa pwani au wa Dar atahema akipanda ngazi ghorofa tatu, na hiyo si ishara ya uzee, ni hewa. Mchana tembea pole katikati ya mji. Anzia Jumba la Nyaraka, kwenye sanamu ya Tom Mboya, mita chache tu kutoka alipopigwa risasi Julai 5, 1969. Pita Msikiti wa Jamia, City Market, kisha ukate kwenda KICC, jengo la ghorofa 28 lililofunguliwa mwaka 1973, na ulipie kupanda juu yake. Ukienda asubuhi ya mbingu safi, tazama kaskazini. Zile ncha mbili nyeusi kwenye upeo wa macho, zaidi ya kilomita 100 kutoka uliposimama, ndizo Batian na Nelion. Wenyeji wa Nairobi wenyewe hawaamini mpaka waoneshwe.

Simu yako usiishike mkononi ukiwa umekaa dirishani kwenye matatu iliyosimama kwenye foleni. Mtaa wa Tom Mboya na River Road tembea mchana, begi kifuani, bila woga na bila kuduwaa. Usiku chukua teksi ya programu.

Siku ya pili ni ya miguu: Ngong. Panda matatu namba 111 mpaka mji wa Ngong, kisha boda mpaka lango la msitu. Vilima hivi vina kilele cha mita 2,460 na mgongo wa kupanda na kushuka unaoelekea Kona Baridi, upande wa barabara ya Magadi. Mkono wa kulia una Bonde la Ufa lote hadi macho yachoke. Nyuma yako mitambo ya umeme wa upepo inavuma kama mtu anayepumua usingizini. Lipa getini na uulize askari wa msitu wa kukusindikiza kama mko wachache. Hapa ndipo pa kuvijaribu viatu. Kikikuchubua Ngong, badilisha. Kikikuchubua Shipton's, umekwisha.

Asiyetaka Ngong aende Karura, msitu wa karibu hekta 1,000 ndani ya jiji, wenye njia za kutembea na maporomoko ya maji. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakipanda miti hapo kuzuia ardhi isigawanywe. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Karura ni pazuri, lakini hapana mlima. Kwa mapafu, Ngong inashinda.

Siku ya tatu igawanye mara mbili. Asubuhi Makumbusho ya Taifa, ukamwone Kijana wa Turkana, mifupa ya karibu miaka milioni moja na nusu ambayo Kamoya Kimeu aliigundua Nariokotome mwaka 1984. Alasiri ni ya soko.

7. Vifaa: Toi na Gikomba kabla ya maduka

Maduka ya vifaa vya kupanda milima Nairobi yapo, na bei zake zinakusimamisha nywele. Mimi hununua mitumba. Toi, pembeni ya barabara ya Ngong, ni tulivu zaidi na ndiyo naipendekeza kwa mgeni; Gikomba ni kubwa, bei chini, msukumano juu. Nenda asubuhi siku wanapofungua marobota, uulize "kamera", yaani mali daraja la kwanza. Jaketi la manyoya ya bata lenye zipu nzima, suruali isiyonyonya maji, sweta la manyoya bandia, yote nimeyapata Toi kwa bei ya chakula cha watu wawili hotelini. Anza na nusu ya bei unayotajiwa, cheka, ondoka kidogo, utaitwa.

Vitu viwili usinunue mtumba siku tatu kabla ya mlima. Kimoja ni viatu: uje navyo kutoka nyumbani, vimeshazoea mguu wako. Kingine ni begi la kulalia la bei rahisi linalodai "nyuzi sifuri"; Shipton's usiku joto hushuka chini ya hapo. Kodisha Nanyuki kwa viongozi, wana mazito.

Vingine: boshori la kufunika masikio, glavu mbili (nyembamba ndani, nene nje), soksi za sufu jozi nne, koti la mvua, tochi ya kichwani na betri za ziada, miwani ya jua, mafuta ya midomo, dawa yako ya kawaida, na fimbo mbili za kutembelea. Kikoi nacho nabeba. Ni shuka, taulo, skafu na pazia la kubadilishia nguo, na hakina uzito.

Jinzi acha Nairobi. Ikilowa haikauki mpaka urudi.

8. Barabara ya Nanyuki

Matatu za Nanyuki utazipata pande za Latema na Tea Room, barabara ya Accra. Fika saa moja asubuhi. Uliza nauli ukiwa chini, lipia ndani ya gari au kwenye kibanda cha tiketi chenye risiti, na begi liingie ukiona kwa macho yako. Safari ni kama kilomita 200, saa tatu na nusu hadi nne na zaidi.

Kaa dirishani upande wa kulia. Barabara kuu ya Thika, kisha Makutano ambako utauziwa mchele wa pishori wa Mwea kupitia dirishani, Sagana, halafu Karatina na soko lake la wazi ambalo ni miongoni mwa makubwa nchini. Kuanzia hapo udongo ni mwekundu, migomba na kahawa na chai vimeshikana bila pengo, na mlima, kama hauna wingu, unatokea kulia ghafla ukiwa mkubwa kupita ulivyodhani. Wakikuyu huuita Kĩrĩnyaga na tangu zamani waliomba wakiuelekea, kwa imani kuwa ndiyo makao ya Ngai, yaani Mungu. Mzee ukimwamkua "wĩ mwega" kwenye matatu hiyo, atakusimulia zaidi ya nitakavyoandika.

Kuna pia reli ya zamani ya Nanyuki, iliyofufuliwa mwaka 2020. Ni ya kupendeza, inatambaa, na hula siku nzima. Kwa ratiba yenye mlima mbele yake, mimi nachagua barabara.

Nanyuki yenyewe ni mji wa kambi za jeshi, mashamba makubwa na ikweta. Kibao cha ikweta kipo pembeni ya barabara na vijana watakuonesha maji yakizunguka kulia na kushoto kwenye beseni kwa hatua chache tu za tofauti. Ni mchezo wa mikono, si nguvu ya dunia, lakini wanaucheza vizuri, wape chochote. Jioni kutana na kiongozi, mpime mzigo pamoja, mnunue vyakula, kisha ulale saa tatu.

9. Mlimani

Siku ya kwanza unaingia lango la Sirimon, mita 2,650, na kutembea kilomita 9 za barabara ya vumbi ndani ya msitu mpaka Old Moses. Saa tatu zinatosha. Kiongozi atakwenda mwendo wa maharusi, utaona aibu kumfuata, mfuate. Siku ya pili, kama tulivyokubaliana, ni ya kupanda kidogo na kurudi.

Siku ya tatu ni ndefu: kilomita 14 hivi, saa sita au saba, kuvuka mto Liki na kuingia bonde la Mackinder. Miti imekwisha. Badala yake kuna lobelia na senesio, mimea mirefu kuliko mtu inayofanana na kabichi iliyowekwa juu ya nguzo, nayo hujifunga majani kila usiku isigande. Shipton's pimbi hukaa mlangoni wakisubiri ugeuze kichwa. Ugali wangu ulichukuliwa mbele ya macho yangu.

Kunywa lita tatu hadi nne kila siku, na ule hata ukikosa hamu. Sasa soma hili taratibu. Kichwa kuuma kidogo, kukosa usingizi na kichefuchefu ni vya kawaida. Hapo unasimama, hupandi, mpaka vipungue. Lakini mtu akianza kupepesuka kama mlevi, kusema yasiyoeleweka, kukohoa povu, au kuhema akiwa amekaa, hiyo ni dharura na tiba yake ni moja: kushuka, saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama kilele kiko dakika kumi mbele. Dawa ya acetazolamide huwasaidia wengi kuzoea. Zungumza na daktari wako kabla ya safari, usiipokee kutoka mfukoni mwa mpandaji mwenzako.

Usiku wa Lenana mtaamshwa saa nane. Lala na simu, betri na chupa ya maji ndani ya begi la kulalia, vinginevyo utaamka na jiwe la barafu na simu iliyokufa. Mnaondoka kama saa tisa usiku, mita 785 za changarawe inayoteleza, hatua mbili mbele moja nyuma, saa tatu hadi nne. Mwishoni kuna vyuma na kamba za kushikia. Jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, na siku njema Kilimanjaro inaonekana kusini, ikielea. Chini yako ni barafu ya Lewis, au tuseme kilichobaki. Iliyokuwa mto mzima wa barafu sasa ni viraka vichafu. Kaeni robo saa, mpige picha, mshuke kabla upepo haujachachamaa.

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Magoti mengi hufia siku hii, si jana yake. Fupisha hatua, tumia fimbo zote mbili, na kama unateremkia Chogoria, lala karibu na maziwa ya Hall na umalizie kesho yake. Usijaribu kufika langoni siku moja.

10. Kushuka na kurudi

Lipa wapagazi wewe mwenyewe, mkononi au kwa M-Pesa, kila mmoja kwa jina lake. Bahasha moja kwa kiongozi "awagawie" nimeona ikipungua njiani.

Ile siku ya akiba itumie Nanyuki kama miguu inaruhusu: msitu wa Ngare Ndare una daraja la kuning'inia la mita 450 kati ya vilele vya miti na mabwawa ya maji ya samawati ambayo baridi yake itakukumbusha ulikotoka. Hifadhi ya Ol Pejeta nako ndiko wanakoishi Najin na Fatu, faru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani, wote majike, tangu Sudan, dume la mwisho, alipokufa Machi 2018. Nimekwenda mara moja. Nilikaa kimya ndani ya gari njia nzima ya kurudi.

Ukirejea Nairobi, epuka kuingia mjini kati ya saa kumi na saa mbili jioni, na epuka zaidi ikiwa kunanyesha, maana foleni hugeuka maegesho na nauli hupanda papo hapo. Kabla ya kuelekea Syokimau pekua begi: mizigo hupangwa sakafuni na kunuswa na mbwa, hukaguliwa tena kwa mashine, na kisu cha kambi au mtungi wa gesi hautaupita mlango huo. Mimi mtungi wangu humwachia kiongozi Nanyuki. Wiki inayofuata ana mgeni mwingine.